Namna ya Kutia Umeme Kichwani Ili Miguu Iende Mbio

Unataka kukimbia zaidi, kuruka juu zaidi au kunyanyua chuma kizito zaidi, na umesikia kwamba siku hizi kazi hiyo inaweza kuanzia kichwani, kwa umeme. Umesikia sawasawa. Kitu hicho kipo, kimeandikiwa makala maelfu katika majarida ya sayansi, na kimewahi kuuzwa dukani kikiwa na sura ya hedifoni. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kukipatia faida. Usiruke hatua hata moja, maana faida yote imekaa kwenye zile zinazochosha.

Hatua ya kwanza ni kukaa. Tafuta kiti chenye egemeo, kaa, tulia. Anayetaka kasi huona ajabu kuanzishiwa kitini, lakini ndivyo mambo yanavyofanyika maabara. Mshiriki hukaa dakika 20 hivi, kichwani kafungwa ukanda wa mpira unaoshikilia vipande viwili vya sifongo vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kila kipande kina elektrodi ndani yake, moja ya chanya na nyingine ya hasi, na kati ya hizo hupita mkondo mdogo wa umeme usiobadilika, miliampea moja au mbili. Chaja ya simu yako hupitisha ampea moja au mbili, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya elfu ya hiyo. Hakuna shoti. Mkono haurukiruki, meno hayagongani. Utasikia ngozi inawasha, pengine itabaki nyekundu chini ya sifongo, pengine kichwa kitauma kidogo.

Udogo huo usikutie ushujaa wa kujitengenezea chako. Betri ya volti 9 na waya mbili ni vitu rahisi kupata, lakini kinachotakiwa kudhibitiwa ni mkondo, na ukinzani wa ngozi hubadilika kila sifongo inapokauka au kuteleza. Wapo waliojiunguza kichwa kwa njia hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa fani hii hii, watu ambao mishahara yao inatokana na umeme huo, waliandika barua ya wazi katika jarida la Annals of Neurology kuwaonya wanaojifanyia nyumbani. Walieleza kwamba umeme huenda mbali kuliko pale ulipobandika sifongo, kwamba uwezo mmoja unaweza kupanda huku mwingine ukishuka, na kwamba mtu na mtu hawapati matokeo sawa. Ama mwenye kifafa, mwenye chuma au kifaa kilichopandikizwa kichwani au kifuani, mjamzito na mtoto, mwongozo wao wa umeme unaishia hapa, na neno la mwisho ni la daktari.

Hatua ya pili, jua unabisha mlango gani. Mwaka 1870, huko Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa kwa umeme sehemu ya mbele ya ubongo wa mbwa, na miguu ya upande wa pili ikachezacheza. Tangu hapo ikajulikana kwamba kuna eneo la ubongo linaloamuru misuli, na ikathibitika kwamba upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili. Katika miaka ya 1930, daktari wa upasuaji Wilder Penfield wa Montreal alichora ramani ya eneo hilo kwa binadamu, akiwagusa ubongo wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji. Ni ukanda unaopita utosini kutoka sikio hadi sikio. Uso na mkono vimejitwalia nafasi kubwa, kwa sababu kuzungumza na kushika ni kazi za ufundi. Mguu umepewa sehemu ndogo, tena imejificha katikati ya kichwa, ndani ya mfereji unaotenganisha nusu mbili za ubongo.

Mkimbiaji azingatie hilo kabla hajafungua pochi. Sehemu anayoitaka ndiyo iliyo mbali zaidi na sifongo.

Sasa tuseme umekaa, sifongo ni mbichi, na umelenga utosi. Je, umeme unafanya nini humo ndani? Jibu linaloaminika zaidi lilitoka Göttingen, Ujerumani, mwaka 2000, kwa Michael Nitsche na Walter Paulus. Walipitisha mkondo juu ya eneo la mkono, kisha wakapima wepesi wa eneo hilo kuitikia. Kipimo chao kilikuwa koili ya sumaku, chombo kilichobuniwa na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield mwaka 1985, ambacho ukikiweka kichwani na kukifyatua, msuli husinyaa. Elektrodi ya chanya ilipokuwa juu ya eneo hilo, mwitikio wa msuli uliongezeka. Ilipokuwa ya hasi, ukapungua. Tofauti ilifika hadi asilimia 40 hivi. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba dakika 13 za umeme zinaweza kuacha athari hata saa moja na nusu baada ya kuzima.

Ni kazi nzuri, na naipenda kwa sababu iko wazi: unawasha, unapima, unazima, unapima tena. Umeme wenyewe haufyatui seli za neva. Unazisogeza tu karibu na pale zinapofyatuka, ili amri ikija ipokelewe kwa urahisi zaidi. Lakini ona pia kilichopimwa. Kilikuwa msuli wa kidole kidogo cha mkono. Kutoka kwenye kidole hicho watu wakaruka hadi mbio za baiskeli, michezo ya kuteleza thelujini na mpira wa kikapu, na mruko huo ni mrefu kuliko wowote uliowahi kupimwa kwa futi.

Mwaka 2014 watafiti wa London walirudia zoezi hilo la Göttingen kwa watu 53, na takriban nusu yao hawakuonyesha badiliko la maana. Kisha mwaka 2018 kundi lililomhusisha mtafiti György Buzsáki wa New York lilichapisha vipimo vilivyofanywa kwenye maiti za watu: asilimia 75 hivi ya mkondo uliotiwa juu ya ngozi haukufika kwenye ubongo, ulipotelea kwenye ngozi, nyama na fuvu. Kwa hiyo miliampea zako mbili, ambazo tayari ni chache, zinatozwa ushuru mkubwa njiani.

Hatua ya tatu ni ya hesabu, na ndiyo ninayokuomba uikalie muda mrefu kuliko kile kiti. Mwaka 2013 huko San Francisco ilianzishwa kampuni ya Halo Neuroscience. Wawili kati ya waanzilishi wake, daktari Daniel Chao na mhandisi Brett Wingeier, walitoka kwenye kampuni iliyotengeneza kifaa cha kupandikizwa cha kutuliza kifafa, kwa hiyo hawakuwa matapeli wa mtaani. Bidhaa yao, Halo Sport, ilikuwa hedifoni kamili ya kusikilizia muziki, isipokuwa chini ya utepe wa juu palikuwa na meno laini ya kulowesha maji. Ulivaa dakika 20 huku ukipasha mwili joto, kisha ulikuwa na saa moja hivi ya kufanya mazoezi ukiwa, kwa maneno yao, na ubongo ulio tayari kujifunza. Mwanzoni mwa 2016 wakatangaza kwamba wanamichezo wa kuruka kwa ski wa Marekani waliotumia umeme huo walikuwa wameongeza nguvu ya kuruka kwa asilimia 70 na uratibu wa mwili kwa asilimia 80.

Mtu akisoma hivyo humwona mrukaji aliyekuwa anafika mita 100 sasa anatua mita 170. Hapana. Hizo asilimia zilikuwa za kulinganisha maendeleo ya kundi la umeme na maendeleo ya kundi la umeme wa kuigiza, yaani lililovishwa kifaa bila umeme kuendelea. Mwenzio akipiga hatua kumi wewe ukapiga kumi na saba, umemzidi kwa asilimia 70, na bado wote wawili mnaweza kuwa mmesogea kidogo sana kutoka mlipoanzia. Tena kuruka kwenyewe kulikuwa juu ya jukwaa linaloyumba, katika chumba cha mazoezi, mara nne kwa wiki kwa wiki mbili. Na wanamichezo wote, kwa makundi yote mawili, walikuwa saba. Kwa watu saba, mmoja akikosa usingizi jana usiku, asilimia zinahama.

Linaniudhi jambo hili, kwa sababu takwimu ileile ingeweza kusemwa kwa ukweli: tumejaribu kwa watu wachache, tumeona dalili ya kutia moyo, tunahitaji wengi zaidi. Maneno hayo hayauzi hedifoni ya mamia ya dola. Basi kila utakapoonyeshwa asilimia ya kifaa chochote cha michezo, uliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei: asilimia ya nini, ukilinganisha na nani, na walikuwa wangapi. Mwaka 2021 mali ya kampuni hiyo ilichukuliwa na kampuni ya Flow Neuroscience ya Sweden, ambayo shughuli yake ni kutibu sonona. Hedifoni ya wanamichezo haikuendelezwa.

Tafiti nyingine za michezo zimevutana. Nchini Brazili waendesha baiskeli kumi wa kiwango cha taifa walionekana kuongeza nguvu yao ya juu kabisa kwa takriban asilimia 4 baada ya umeme kwenye upande wa kushoto wa kichwa. Chuo Kikuu cha Granada kilipima waendesha baiskeli 36 waliozoea mazoezi, umeme ukiwa kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, na hakikuona tofauti yoyote. Mwaka 2019 tafiti za aina hii zilipokusanywa na kupigiwa hesabu pamoja, faida ilikuwa ndogo, na ilipozingatiwa kwamba matokeo mazuri huchapishwa haraka huku yaliyoshindwa yakifungiwa kabatini, ikapungua hadi karibu na sifuri. Wakala wa dunia wa kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, hajauweka umeme huu kwenye orodha ya vitu na mbinu zilizokatazwa. Pia hakuna kipimo cha damu wala mkojo cha kuonyesha kwamba mtu alikaa na sifongo kichwani asubuhi ya mashindano. Kwa hiyo sheria haitakuzuia, na kazi ya kujichunga inabaki kwako na kocha wako.

Ndiyo maana hatua ya nne inadai umtafute mtu wa kukudanganya, tena awe mtu unayemwamini kabisa. Maabara hufanya hivi: nusu ya washiriki huwashiwa umeme, mkondo hupandishwa, ngozi huwasha, na baada ya sekunde 30 hivi mkondo hushushwa kimyakimya hadi sifuri. Mshiriki hubaki kitini dakika zake 20 akiamini anachajiwa. Wengi hawatambui, kwa sababu hata kwenye umeme wa kweli ngozi huzoea. Kama kocha au mtaalamu wako amekupa kifaa cha namna hii, mwombe yeye ndiye ashike swichi, arushe sarafu kila siku ya mazoezi, awashe au azime kulingana na sarafu, aandike kwenye daftari na asikwambie. Wewe andika muda wako kwa saa ya kupimia, usiandike ulivyojisikia. Endeleeni kwa wiki kadhaa, ndipo mfungue daftari mbili na kuzilinganisha. Imani huongeza mbio za mtu kweli, na sioni ubaya wa kukimbia kwa imani, lakini imani haina bei na hedifoni inayo. Zoezi hili linafaa pia kwa viatu vipya, mkanda wa sumaku na chupa ya unga wa nguvu.

Hatua ya tano ndiyo yenye kazi. Fanya mazoezi.

Mwaka 2009 Janine Reis, Leonardo Cohen na wenzao nchini Marekani walichapisha utafiti ambao wauza vifaa wote huutaja nusu. Washiriki walijifunza ufundi mgumu wa vidole: kubana kifaa kwa nguvu inayopimwa ili kusogeza alama kwenye kioo cha kompyuta, haraka na bila kupitiliza. Walifanya hivyo kwa siku tano mfululizo. Waliopata umeme wa kweli walijifunza zaidi, na hata miezi mitatu baadaye walikuwa bado mbele. Hiyo ndiyo nusu inayotajwa. Nusu ya pili ni kwamba kundi la umeme wa kuigiza nalo lilijifunza, kwa kuwa lilifanya mazoezi yaleyale, na kwamba tofauti kati ya makundi ilijengeka hasa kati ya siku moja na nyingine, yaani washiriki walipokuwa wameacha mazoezi, wamekwenda nyumbani na kulala. Hakuna aliyetiwa umeme bila mazoezi akaamka fundi. Kama unatafuta mahali pa kuongeza kasi yako mwaka huu, ongeza siku za mazoezi na saa za usingizi kwanza, ndipo urudi kwenye sifongo.

Na hapa nataka mwongozo usomwe polepole, kwa sababu nafika kwa watu ambao umeme huu unawahusu kuliko mkimbiaji yeyote. Mwenye miguu mizima anatafuta sekunde. Aliyepigwa na kiharusi anatafuta kushika kijiko. Ubongo wake umepoteza sehemu ya ile ramani ya Penfield, na kila kilichojifunzwa kwenye vidole vya wazima huko Göttingen kilikuwa na maana kubwa zaidi kwake. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford waliripoti kuhusu wagonjwa 24 waliopata kiharusi zamani, waliofanyishwa mazoezi ya mkono kwa siku tisa, wengine kwa umeme wa kweli na wengine kwa wa kuigiza. Miezi mitatu baadaye waliopata umeme walikuwa wanatumia mkono vizuri zaidi. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha majaribio ya njia nyingine kwa wagonjwa 108: waya hupandikizwa shingoni kwenye neva kubwa iitwayo vagasi, na kila mgonjwa anapofanya tendo la mazoezi, mtaalamu hubonyeza kitufe ili umeme uende sambamba na tendo hilo. Mkono uliimarika zaidi kuliko kwa mazoezi peke yake, na mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha kifaa hicho.

Upo pia umeme wa kina, ule wa ugonjwa wa Parkinson. Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, alianza mwaka 1987 kupitisha waya hadi ndani kabisa ya ubongo na kupeleka mapigo zaidi ya mia kwa sekunde, na mikono iliyokuwa ikitetemeka ikatulia. Betri hulazwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Tiba hii imebadilisha maisha ya watu wengi, na inaumiza kukumbuka utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, uliopita nyumba kwa nyumba katika idadi ya watu zaidi ya 161,000 na kukuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwa wazee wale hatua ya kwanza ni daktari anayetambua ugonjwa, ya pili ni vidonge vya levodopa vinavyopatikana kila mwezi, na waya wa Grenoble unakuja nyuma sana.

Turudi kwenye kiharusi, kwa sababu ipo njia ambayo haihitaji betri, na nimeiweka mwisho ili ukae nayo. Mwanasaikolojia Edward Taub alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mkono uliolemaa hudhoofika pia kwa kuachwa: mgonjwa hugundua kwamba mkono mzima unafanya haraka, na ule mwingine anauweka mapajani. Mwaka 2006 matokeo ya jaribio kubwa la njia yake ya kuulazimisha mkono huo ufanye kazi yalichapishwa. Wagonjwa walikuwa 222, kati ya miezi mitatu na tisa baada ya kiharusi. Waliopangiwa njia hiyo walivalishwa glovu nene kwenye mkono ulio mzima, kwa lengo la kuivaa asilimia 90 ya saa wanazokuwa macho, kwa siku 14, na siku za kazi walifanya mazoezi ya mkono mgonjwa kwa saa nyingi. Waliwazidi wenzao wa matibabu ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Kwa hiyo, kama una mama, baba au jirani aliyepata kiharusi, na vidole na kiganja chake vinaweza kuinuka angalau kidogo, maana wale 222 walichaguliwa kwa sharti hilo, mpeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo na umuulize kuhusu njia hii ya glovu. Nyumbani soksi nene inatosha. Ivuliwe anapopanda ngazi, anapooga na anapokaribia jiko, kwa sababu mkono mzima ndio utakaomdaka akiteleza. Kazi ziwe za kweli na zirudiwe: kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kukunja khanga, kufunga na kufungua vifungo vya shati, kuhamisha sarafu kutoka kisahani kimoja hadi kingine. Andika kwenye daftari zimefanyika mara ngapi, na kesho ongeza kidogo. Usimfanyie anachoweza kumaliza kwa dakika tano, hata kama wewe ungekimaliza kwa sekunde tano na chai inapoa. Kazi ya kwanza achague mwenyewe, na mshikie nafasi katika ratiba ya nyumba kila siku, asubuhi na alasiri, kama wanavyoshikiwa wanariadha.